Jenga Maktaba ya Kidijitali Itakayokuzidi Umri

Mwishoni mwa Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia Maktaba ya Uingereza mjini London. Waliiba takribani gigabaiti 600 za data, wakafunga mifumo, wakaharibu baadhi ya seva, kisha wakadai kikombozi. Maktaba ilikataa kulipa. Kwa miezi mingi iliyofuata, msomaji aliyefungua tovuti yake akitafuta picha za miswada ya kale hakupata kitu. Miongoni mwa vilivyotoweka mtandaoni ni picha za mpango wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini duniani, ambao maktaba hiyo imekuwa ikiuendesha tangu 2004. Ndani ya mpango huo mna miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu.

Miswada yenyewe haikuguswa, maana iko Lamu. Mpango ule una kanuni njema: nyaraka asilia haziondoki nchini mwake, na nakala ya picha huachwa kwenye taasisi ya huko huko. Kanuni hiyo humpa mwenye mali haki yake, na siku London ilipozimika ilidhihirika kuwa ni kinga pia.

Machi 2024 maktaba hiyo ilitoa ripoti ya yaliyoisibu, na ndani yake mna jambo ambalo kila mkutubi anapaswa kulitafakari. Nakala salama za makusanyo ya kidijitali zilikuwapo. Kilichokosekana ni mahali pa kuzirudishia. Seva zilikuwa zimeharibiwa, na baadhi ya programu zilikuwa za zamani kiasi kwamba hazikuweza kusimamishwa tena, kwa kuwa waliozitengeneza hawakuwa wakizihudumia. Taasisi yenye fedha na wataalamu wengi ilikuwa na mali yake mkononi na bado haikuweza kuipanga rafuni.

Nawaandikia wakuu wa maktaba na vyuo, wasimamizi wa misikiti na makanisa yenye nyaraka, wahariri wa magazeti na wakuu wa vituo vya redio walio mbioni kujenga maktaba ya kidijitali. Wengi huanza na skana. Zabuni inatangazwa, mashine inafika, mgeni rasmi anakata utepe, na mwaka wa kwanza maelfu ya kurasa yanapigwa picha. Swali langu ni la mwaka wa sita. Diski za kwanza zimechoka, fundi aliyefunga mfumo amehamia benki, mfadhili ameshafunga jalada la mradi. Nani atajua kwamba faili fulani imeharibika, na ataitengeneza kwa fedha ipi? Ukiweza kujibu kwa kutaja cheo cha mtu na kifungu cha bajeti, unayo maktaba. Usipoweza, usinunue skana kwanza.

Kitabu cha karatasi nzuri kikiwekwa kabatini pakavu kinaweza kukaa karne nzima bila mtu kukigusa, na mjukuu akakisoma. Faili haivumilii kusahauliwa. Iko kama paa la makuti, linalodumu kwa sababu mwenye nyumba huezeka upya kabla mvua haijapenya. Waingereza walilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1986 shirika la BBC lilikusanya maandishi na picha za maisha ya nchi yao, kazi iliyochangiwa na watu wapatao milioni moja, kuadhimisha miaka 900 ya daftari la mali na ardhi lililoandikwa mwaka 1086. Kazi hiyo iliwekwa kwenye diski za leza zilizohitaji mashine maalumu. Kufikia 2002 mashine za kuzisomea zilikuwa zimeadimika, na wataalamu walilazimika kutumia muda na fedha nyingi kuikomboa. Daftari la 1086 linasomeka hadi leo.

Basi anza na nakala. Kanuni inayokubalika ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Wengi huikariri na kuitekeleza vibaya: diski tatu ndani ya kabati moja, au seva mbili chini ya fundi mmoja mwenye nywila moja. Ili kujua umbali unaohitajika, jiulize ni janga gani unalolikimbia. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka miteremko ya Table Mountain uliteketeza chumba kikuu cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wa vitabu vya masomo ya Afrika. Ghala za chini ziliokolewa na milango ya kuzuia moto, lakini maji ya kuzimia yakazifurika. Kwa moto na mafuriko, umbali unaofaa ni wa kilomita. Maktaba ya Dar es Salaam iweke nakala Mwanza au Dodoma, ya Mombasa iweke Nairobi.

Kilomita hazisaidii dhidi ya kosa la programu. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takribani terabaiti 77 za data za utafiti, na iliyozifuta ni programu ile ile iliyokuwa na kazi ya kutunza nakala. Ilikuwa imefanyiwa marekebisho yenye kasoro, ikaanza kufuta faili ambazo haikupaswa kuzigusa. Nakala inayojifananisha na asilia kila usiku inanakili pia makosa ya asilia: ukifuta leo, kesho nayo imefuta. Kwa hiyo moja kati ya nakala zako tatu iwe imechomolewa kabisa kwenye umeme na mtandao, ikiongezwa vitu vipya kwa tarehe maalumu na kwa mkono wa mtu. Hiyo ndiyo itakayokuokoa pia siku ya wale wanaodai kikombozi, kwa sababu mhalifu hawezi kufunga diski iliyolala kwenye sanduku la chuma wilaya nyingine.

Umbali wa tatu hutajwa mara chache, nao ni wa mamlaka. Nakala zote zikiwa chini ya taasisi moja, mgogoro wa uongozi, kukatwa kwa bajeti au uamuzi wa mkuu mpya unaweza kuzimaliza kwa siku moja. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mfumo wa LOCKSS, na jina lake ni kifupisho cha maneno yenye maana kwamba nakala nyingi huweka vitu salama. Maktaba mbalimbali hushika nakala za kitu kile kile, kompyuta zao zikalinganisha nakala hizo, na ile iliyoharibika ikatengenezwa kutoka kwa iliyo nzima. Huhitaji kuanza na programu hiyo ili kufuata wazo lake. Tafuta maktaba mwenza, andikianeni mkataba wa kurasa mbili: wewe unanitunzia terabaiti kadhaa, nami nakutunzia zako, hakuna atakayefungua vya mwenzake bila idhini, kila Juni na Desemba tunakaguana. Maktaba zetu zimezoea kuazimana vitabu, kwa hiyo hili haliko mbali na desturi yao.

Kuhusu vyombo vyenyewe sitachelewa. Flashi ni ya kubebea kazi, usihifadhie kitu cha kudumu. Diski za CD na DVD hazifai kwenye joto na unyevu wa pwani. Diski kuu za kawaida zinafaa kwa taasisi ndogo, mradi ununue za watengenezaji wawili tofauti, uzihifadhi pakavu pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na upange kuzibadilisha takribani kila baada ya miaka mitano hata kama bado zinawaka. Kanda za sumaku za kompyuta ni nafuu kwa terabaiti nyingi, ila mashine yake ni ghali na ni afadhali mshirikiane vyuo kadhaa. Wingu la kukodi lina faida zake, nalo lihesabike kuwa nakala moja tu kati ya tatu, maana ankara isipolipwa huduma hukatwa.

Sasa nije kwenye kazi ambayo nimeona ikirukwa kuliko zote, yaani ukaguzi. Faili inaweza kuharibika kimyakimya. Jina lake lipo, ukubwa wake ni ule ule, lakini ndani biti chache zimegeuka na ukurasa haufunguki. Macho hayatagundua hilo kati ya faili laki tatu. Ipo dawa rahisi inayoitwa cheksamu. Programu husoma faili nzima na kuipigia hesabu, ikatoa mfululizo wa herufi na tarakimu. Herufi moja ndani ya faili ikibadilika, mfululizo wote hubadilika. Piga hesabu hiyo siku faili inapozaliwa, kwa njia ya SHA-256, uiweke kwenye orodha, kisha irudie kila baada ya miezi michache na kulinganisha. Zana za kufanya hivyo ni za bure. Maktaba ya Bunge la Marekani na washirika wake walitengeneza pia mpangilio uitwao BagIt, ambao hufunga faili pamoja na orodha ya cheksamu zake katika folda moja, ili anayepokea mzigo ahakikishe kuwa umefika mzima. Ulichapishwa rasmi kama waraka wa kiufundi wa intaneti mwaka 2018. Ukimpelekea maktaba mwenza nakala, ipeleke kwa mpangilio huo.

Vyuo vikuu vyetu vingi vimechagua DSpace, mfumo wa chanzo huria uliotolewa na MIT na kampuni ya HP mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere na Sokoine vyote vimeutumia. Ni chaguo zuri, na jumuiya ya wanaoutumia ni kubwa. Lakini lazima uelewe unavyohifadhi vitu. Faili zako hukaa kwenye folda zikiwa na majina ya tarakimu ndefu, bila kichwa cha habari wala jina la mwandishi. Majina yote yako kwenye hifadhidata iliyo pembeni. Fundi akinakili folda hiyo peke yake na kusahau hifadhidata, au akinakili hifadhidata peke yake, siku ya maafa utabaki na maelfu ya faili zisizojulikana ni za nani, au na orodha nzuri ya tasnifu ambazo hazipo. Vinakiliwe pamoja, usiku mmoja. Mfumo huo pia huja na kikagua cheksamu ndani yake, ila hakijiendeshi hadi mtu akipangie ratiba. Muulize fundi wako leo kama amekipangia. Na kwa kuwa hakuna programu inayodumu milele, kila mwaka toa vitu vyako nje ya DSpace vikiwa vifurushi vinavyojitegemea, kila kazi pamoja na maelezo yake, ili siku ya kuhamia mfumo mwingine usiombe ruhusa ya mtu.

Hapo pana kigezo ninachokiamini kuliko vingine vyote katika kuchagua programu yoyote, ya bure au ya kulipia. Usiulize kwanza inaingizaje vitu, uliza inavitoaje. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha, mbele yako, jinsi vitu vyote na maelezo yake vinavyotoka kwa fomati ya wazi, usitie saini naye.

Fomati nazo si za kuchagua kwa mazoea. Picha za kurasa ziwe TIFF. Nakala za kusomea mtandaoni zinaweza kuwa JPEG au PDF ndogo, lakini hizo ni za matumizi ya kila siku. Nyaraka zilizoandikwa kwenye kompyuta zigeuzwe PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa viwango vya kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu, ambayo hubeba ndani yake aina za maandishi zilizotumika. Hifadhi na faili ya asili pia. Maandishi yawe katika Unikodi, na hasa kwa wanaonakili tenzi na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu: maandishi yaliyochapwa kwa fonti za zamani zisizofuata Unikodi yanaweza kugeuka vikorokoro kwenye kompyuta nyingine. Sauti ziwe WAV.

Kabla ya kupanga, piga hesabu ya ukubwa, maana hapa miradi mingi hukwama katikati. Ukurasa wa A4 ukipigwa kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, bila kubanwa, huchukua takribani megabaiti 46. Kitabu cha kurasa 200 ni kama gigabaiti 9. Vitabu 1,000 ni zaidi ya terabaiti 9, na kwa nakala tatu unakaribia terabaiti 28. Redio nayo: saa moja ya sauti ya stirio kwa kilohezi 96 na biti 24, kiwango ambacho wahifadhi wa sauti hukipendekeza, ni takribani gigabaiti 2. Kituo chenye kanda za saa 5,000 kinahitaji terabaiti 10 kwa nakala ya kwanza tu. Ukiona hesabu imekuzidi, punguza idadi ya vitu, usipunguze idadi ya nakala. Vitabu 300 vilivyotunzwa vizuri vina manufaa kuliko 1,000 vilivyo kwenye diski moja. Chagua kwanza vile ambavyo hakuna maktaba nyingine duniani inavyo. Kitabu kilichochapishwa na kusambazwa kinaweza kungoja.

Nikifika kwenye maelezo ya vitu, yaani metadata, nasisitiza zaidi, kwa sababu diski iliyokufa inaweza kununuliwa nyingine, lakini mzee aliyejua sura zilizomo pichani hanunuliki. Kanda ya redio ya mwaka 1972 iliyoandikwa tu “taarabu, Tanga” inaweza kuhifadhiwa kwa cheksamu na nakala tatu na bado ikawa imekufa nusu. Nani anaimba? Nani kapiga udi? Shairi ni la nani, na lilikuwa likimjibu nani? Mwenye majibu hayo huenda yuko hai leo mtaa wa tatu kutoka ofisini kwako. Tenga siku moja kila wiki kwa ajili ya kuwaita wazee, kuwasikilizisha kanda na kuwaonyesha picha, huku ukiwarekodi. Wape nauli na chai, na waandike majina yao kama watoa maelezo, maana ni haki yao.

Kwa upande wa utaratibu, seti ya vipengele 15 ya Dublin Core, mpango ulioanzishwa mwaka 1995, inatosha kwa kuanzia. Vijaze kwa Kiswahili. Nimeona makusanyo ya Kiswahili yaliyoelezwa kwa Kiingereza pekee, na mjukuu wa mtunzi hawezi kuipata kazi ya babu yake kwa sababu hajui maneno ya kuitafutia. Majina ya watu wa pwani huandikwa kwa njia nyingi, kwa hiyo weka sura zote unazozijua na uchague moja iwe kuu. Mswada wenye tarehe ya Hijria uandikwe kwa tarehe hiyo kama ilivyo, kisha ya Miladia kando yake. Majina ya faili yawe mafupi, bila nafasi wala alama za ajabu, yafuate namba ya usajili. Orodha nzima iwe pia kwenye karatasi, ikichapwa upya kila mwaka.

Sheria inataka nafasi yake. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Majalada ya wagonjwa, wanafunzi na mashauri ya ndoa hayapandishwi mtandaoni kwa sababu tu yameskaniwa. Hakimiliki nayo iulizwe mapema, na ruhusa ya familia iandikwe na kutiwa saini. Kuhifadhi na kuonyesha ni kazi mbili, na unaweza kufanya ya kwanza leo ukaichelewesha ya pili miaka 30.

Nimalizie na fedha na watu, ambako maktaba nyingi za kidijitali huzikwa. Fedha za mradi hununua vifaa. Fedha za kila mwaka ndizo zinazotunza. Ukiandika maombi kwa mfadhili, weka ndani yake gharama za miaka kumi: diski za kubadilisha, umeme, vifaa vya kulinda kompyuta umeme unapokatika, ada ya jina la tovuti, mshahara. Kisha mwambie bodi yako, kwa maandishi, ni kiasi gani itabeba mwenyewe mfadhili akiondoka. Bodi ikikataa, punguza mradi hadi kipimo itakachokubali. Jina la tovuti na akaunti zote zisajiliwe kwa jina la taasisi, kwa anwani ya barua pepe ya ofisi, wala zisitegemee simu ya mfanyakazi mmoja. Nywila kuu zijulikane na watu wawili na ziwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mkuu. Utunzaji uandikwe kwenye maelezo ya kazi ya mtu mwenye ajira ya kudumu, ili akihama pawe na makabidhiano kama ya fedha na funguo.

Na ombi langu kwako, ndugu mkutubi, ni la wiki hii. Chagua kitu kimoja kutoka kwenye maktaba yako ya kidijitali, tasnifu au kanda. Mwombe fundi akirudishe kutoka kwenye nakala iliyo mbali, kwenye kompyuta nyingine kabisa isiyo na mfumo wenu, kikiwa na jina, tarehe na maelezo yake yote, huku wewe umekaa pembeni unatazama. Kikifunguka, panga kurudia zoezi hilo kila baada ya miezi mitatu. Kisipofunguka, zima skana, na usiiwashe tena hadi kifunguke.